Kilomita 1,200 kwenda kuangalia moja bila: Houston mpaka El Paso, Desemba 2008

Heri ya mwaka mpya jamani. Tumerudi Ijumaa usiku, leo Jumapili ndo nimepata muda wa kukaa na kidaftari changu na picha za kamera ya shemeji, maana wengi mmeniuliza ilikuwaje tukaendesha gari karibu siku nzima na nusu kwenda kuangalia mechi ya mpira wa Kimarekani iliyoisha 3-0.

Ilianzia kazini. Kuna mzee mmoja tunafanya naye kazi, mtu wa Rosenberg, mji mdogo nje kidogo ya Houston, na wanaofuata mpira wa Kimarekani wanajua Rosenberg safari hii imetoa wale ndugu wawili, James na Jacquizz Rodgers. Walisoma sekondari ya Lamar Consolidated pale pale, mzee alikuwa anawaangalia wakicheza kila Ijumaa usiku, na 2008 walikuwa chuo kikuu cha Oregon State. Huyo mdogo, Jacquizz, ni mfupi kweli kweli lakini mwezi wa tisa aliwakimbiza USC, chuo cha Los Angeles, waliokuwa namba moja Marekani nzima, yadi 186 peke yake, Oregon State wakashinda 27-21. Basi Oregon State walipopangwa Sun Bowl kule El Paso mzee akanunua tiketi. Halafu mambo yakaharibika, vijana wote wawili majeruhi, na yeye mwenyewe goti likamzidi. Akaniita akaniambia chukua hizi mbili uende ukaniangalie. Nikatoa pesa akakataa, akasema niletee tu programu ya mechi.

Kwa wasiojua, vyuo vya Marekani vikimaliza msimu timu zilizofanya vizuri zinaalikwa kwenye mechi za mwisho wa mwaka zinazoitwa bowl, yaani bakuli, kwa sababu ya viwanja vya zamani vilivyojengwa kwa umbo la bakuli. Sun Bowl ni ya tangu 1935, ni ya wakongwe.

Nilimchukua shemeji. Yeye mpira huu haujui ila nilipotaja El Paso akaruka, nitaeleza kwa nini.

Jumatatu 29 Desemba: Houston – Fort Stockton

Tumetoka saa 11 alfajiri na Corolla. Nyumba nyingi zilikuwa bado na maturubai ya bluu juu ya paa tangu kimbunga Ike cha mwezi wa tisa, ukitoka mjini unayaona mpaka yanaisha na giza. Barabara ni moja tu, I-10, unaingia Houston unatoka El Paso, na bado uko Texas ile ile. Ni kama Dar kwenda Mwanza bila kuvuka mpaka wa mkoa.

Chai tumekunywa Luling, kwenye ile Buc-ee's kubwa, kituo cha mafuta chenye duka. Vyoo visafi kuliko vya hoteli, tulichukua mkate wenye mayai na nyama ya ng'ombe ya kuchomwa kwa moshi, mimi dola 4 na kitu, shemeji akaongeza kahawa. Mafuta tumejaza hapo, dola 1 na senti 50 hivi kwa galoni. Mwezi wa saba tulikuwa tunalia na dola 4! Safari nzima kwenda na kurudi mafuta yalituchukua kama dola 80 tu, ndo maana hata tukathubutu.

San Antonio tumepita bila kusimama. Baada ya Kerrville vinaanza vilima na miti mifupi ya kijivu, ukipita Junction basi, nchi inafunguka, hamna kitu, ni mawe na uzio na mbingu. Mwendo unaoruhusiwa huko ni maili 80 kwa saa, kwa hiyo malori yanakupita kama umesimama.

Kabla ya kufika Ozona tairi la nyuma likatoboka. Nikasema haina shida tuna spea, kufungua buti, spea nayo imelala haina upepo hata kidogo. Simu haina mtandao. Tulikaa pembeni kama nusu saa hivi, upepo baridi unapiga, shemeji amejifunga shuka la Kimasai kichwani, ndo ikasimama pikapu ya mzee mmoja mfugaji na mbwa wake wawili nyuma. Hakuuliza mengi. Akatazama tairi, akalitupa kwenye pikapu, akamwambia shemeji panda, mimi nikabaki na gari. Saa moja na nusu nimekaa pale nawaza kama nimemtoa dada yangu kwenye ndoa. Wakarudi wanacheka, tairi limezibwa, spea imejazwa, na shemeji ameshikishwa mfuko wa nyama kavu. Fundi wa Ozona alichukua dola 10, mfugaji hakuchukua kitu. Akauliza tunaenda wapi, tukamwambia Sun Bowl, akasema yeye kila mwaka anaisikiliza kwenye redio akiwa anawalisha ng'ombe. Akauliza timu yetu ipi. Tukaangaliana. Nikasema Oregon State, na kuanzia hapo ikawa kweli.

Mnaopanga njia hii: pima spea kabla hujatoka, na ukifika nusu tangi jaza, usisubiri, maana kutoka Junction kwenda mbele vituo viko mbali mbali. Maji chukua ya kutosha hata kama ni baridi.

Fort Stockton tumefika giza limeingia. Moteli dola 48, vitanda viwili, hita inapiga kelele usiku kucha. Wana sanamu kubwa sana ya ndege mkimbiaji wa jangwani, wanamwita Paisano Pete, picha tumepiga na flashi kaonekana miguu tu.

Jumanne 30 Desemba: Fort Stockton – El Paso

Njia ya asubuhi haina la kusimulia mpaka Van Horn, ambako tulikula mayai na maharage na chapati zao za ngano, laini, shemeji akazisifia akasema zimekosa tu mafuta. Ukiipita Van Horn saa inarudi nyuma saa nzima, angalieni msije mkachanganya muda wa mechi.

El Paso inaanza ghafla. Milima ya Franklin iko katikati ya mji, mji umeizunguka pande zote, na I-10 inapita karibu na mto kiasi kwamba ukigeuza shingo unaziona nyumba za Ciudad Juárez, Mexico. Watu wengi zamani walikuwa wanavuka kwa miguu kwenda kula na kununua vitu. Sisi hatukuvuka, mwaka huo wa 2008 Juárez kulikuwa na mauaji kupita kiasi na kila tuliyemuuliza alitukataza, tena na sisi wageni kuna habari za karatasi pia. Kama viza yako ina utata usivuke daraja kwa ajili ya picha, kurudi ndo kazi.

Mchana tukaenda moja kwa moja UTEP, yaani chuo kikuu cha Texas hapo El Paso, na hapa ndo kwenye hoja ya shemeji. Marehemu baba yake alikuwa mwalimu wa michezo, mtu wa redio, na 1980 alikaa nayo sikioni siku Suleiman Nyambui anachukua medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Nyambui alikuwa mwanafunzi wa hapa hapa UTEP. Gidamis Shahanga naye alipita hapa, yule wa dhahabu za Jumuiya ya Madola, ya marathoni Edmonton 1978 na ya mita 10,000 Brisbane 1982, na Zakaria Barie, na Wakenya kama Michael Musyoki. Enzi zile chuo hiki kilikuwa kinatisha Marekani nzima kwenye mbio, na miguu mingi ilikuwa ya kwetu. Shemeji alikua na neno El Paso kabla hajajua liko nchi gani.

Majengo yao ya ajabu, paa zimetokeza nje kama za Bhutan, wamejenga hivyo tangu 1917. Uwanja wa mbio unaitwa Kidd Field, uko jirani kabisa na uwanja mkubwa wa Sun Bowl. Geti limefungwa. Kuna mzee wa usafi alikuwa anavuta mabomba ya maji, tukamuita, akasema pamefungwa kwa sababu ya mechi kesho. Shemeji akamwambia, mimi nimetoka Tanzania. Yule mzee akatua bomba lake chini akasema "Nyambui". Hivyo tu, na kalitamka vizuri. Akatufungulia, akasema dakika kumi.

Shemeji alitembea mzunguko mzima peke yake. Sikumfuata. Nina picha yake akiwa kwenye kona ya mbali, mlima nyuma, na ameshika viatu mkononi.

Yule mzee akaniambia Sun Bowl zenyewe zamani zilikuwa zinachezwa hapo hapo Kidd Field, mpaka walipojenga uwanja mpya 1963, na kwamba 1940 Catholic University na Arizona State walicheza hapo wakatoka 0-0. Nilicheka, nikamwambia sufuri bila kwetu ni ya kawaida. Akasema hapa watu bado wanaizungumzia. Laiti ningejua kesho inakuja na nini.

Jioni Chico's Tacos, kila mtu alitutuma huko. Ni tortila zimeviringishwa zimekaangwa, zinaelea kwenye mchuzi wa nyanya, juu jibini nyingi imekunwa. Dola 3 na kitu tulishiba. Halafu tukapanda Scenic Drive kuangalia taa, El Paso na Juárez usiku huwezi kujua moja inaishia wapi, na kule mlimani kuna nyota kubwa ya taa wanaiwasha kila usiku. Nendeni na koti.

Jumatano 31 Desemba: siku yenyewe

Mechi ilikuwa saa sita mchana. Kupaki gari wenyeji wa mitaa ya karibu wanakuuzia nafasi mbele ya nyumba zao, sisi dola 20, waliofika kabla ya saa tatu walipata ya 10. Nje ya uwanja watu wanachoma nyama nyuma ya magari. Kundi moja la mashabiki wa Pittsburgh, timu ya pili ya siku hiyo, wamevaa bluu na dhahabu, wametoka Pennsylvania yote hiyo, wakatuita tule. Soseji zao za nguruwe, shemeji akasema samahani mimi Muislamu, basi mama mmoja akakimbia gari la pili na la tatu mpaka akapata kuku, akafuta jiko na kumchomea pembeni peke yake. Na sisi tumevaa skafu za machungwa za wapinzani wao!

Uwanja wenyewe umechimbwa kati ya vilima, umekaa kwenye mwamba kama bakuli kweli. Watu zaidi ya 49,000. Pembeni yetu alikaa bibi mmoja mwenyeji wa El Paso na wajukuu watatu, alisema anakuja kila mwaka timu yoyote.

Kwa kifupi kwa wageni wa mchezo huu: una majaribio manne ya kusogea yadi kumi, ukishindwa unawapa wenzako mpira, kwa kawaida kwa kuupiga teke mbali. Ukiingia mwisho kabisa ni tachidauni, pointi 6. Ukikwama karibu unaweza kupiga teke ukapitisha mpira kati ya milingoti, hiyo ni fildigoli, pointi 3.

Siku hiyo tuliona mateke. Oregon State bila wale ndugu hawana mbio, kotabeki wao, yaani yule anayerusha pasi, Lyle Moevao, anarusha anakosa, anarusha anapata kidogo, teke. Pittsburgh wana LeSean McCoy, kijana anayekata kona kama kuku anayekimbizwa, lakini kila akipenya anakuta mtu wa machungwa anamsubiri, teke. Nilikuwa naandika kila teke kwenye kidaftari, nikaacha. Mtu mmoja nyuma yetu alikuwa analalamika kwa sauti anataka arudishiwe pesa.

Zikiwa zimebaki dakika mbili na sekunde chache kufika mapumziko, Justin Kahut wa Oregon State akapiga kutoka yadi 44. Mpira ulipanda ukakaa juu muda mrefu, nimesimama nimeshika bega la yule bibi bila kujijua, ukapita. 3-0. Shemeji ambaye tangu asubuhi alikuwa ananiuliza maswali, akageuka akaniambia, "Shem, si moja bila hiyo?"

Na mimi hapo ndo mechi ikanifungukia. Tangu nije nchi hii nilikuwa nahesabu pointi zao, 3, 6, 7, nasahau kwamba ni bao. Mtu mmoja amepiga, limeingia, sasa wenzake kumi na moja walilinde hadi mwisho. Hiyo habari tunaijua. Tumekua nayo, dakika ya 70 mko mbele moja bila, redio imeshikwa na watu kumi, hamna anayeongea.

Mapumziko walikuja wanamuziki wa Village People wenyewe wakaimba ule wimbo wao wa herufi nne, Y.M.C.A., unaochezwa kwa mikono, uwanja mzima ukasimama kuucheza na ikatangazwa ni rekodi ya dunia, watu 40,148. Bibi alimfundisha shemeji herufi moja moja. Picha ninayo.

Kipindi cha pili sikukaa. Pittsburgh walihitaji fildigoli moja tu kusawazisha, tachidauni moja kushinda, na muda wote walikuwa nao. Lakini safu ya ulinzi ya Oregon State, jamani. Kuna mmoja anaitwa Victor Butler, anatokea ukingoni, mara nne alimfikia kotabeki Bill Stull na kumlaza chini kabla hajarusha. Mara nne! Stull alijaribu pasi 24 zikafika 7 tu, yadi 52 mechi nzima, na si kwamba ni mbovu, nilimuona akiinuka kila mara na kujipangusa na kurudi, alikuwa hapewi hata nafasi ya kupumua. McCoy alitoka na yadi 85. Na kumbukeni hawa hawa Oregon State mechi yao ya nyuma yake, nyumbani kwao, walifungwa 65-38 na majirani zao Oregon, wakakosa Rose Bowl ambayo hawajaiona tangu 1965. Pointi 65. Mwezi mmoja baadaye hao hao hawaruhusu hata moja. Nikifikiria mazoezi ya mwezi huo, vijana wa miaka 20 kurudi kila siku baada ya aibu ile, naona hakuna tachidauni sita ambazo ningezipenda kuliko hiyo sufuri.

Watu walianza kutoka robo ya nne. Bibi hakutoka, sisi hatukutoka. Kila teke la Oregon State tulikuwa tunashangilia kama bao maana lilikuwa linawasukuma Pittsburgh mbali. Dakika za mwisho shemeji alikuwa amejikunyata amefumba macho ananiuliza "bado?", namwambia bado.

Ikaisha 3-0. Butler akapewa mchezaji bora, mlinzi, sawa kabisa. Tulipokuwa tunatoka redio za magari zilikuwa zinasema haijawahi kutokea bowl yenye pointi chache hivyo tangu Cotton Bowl ya 1959, vyuo vya TCU na Air Force 0-0. Wale wa Pennsylvania tulikutana nao njiani, yule mama wa kuku alikuwa amelia. Tukampa pole, akamkumbatia shemeji, wakaondoka.

Usiku tulipanga kulala mapema. Bibi akakataa, akasema mwaka mpya haulaliwi moteli. Tukajikuta kwenye ua wa nyumba yake na watu kama thelathini, hakuna anayeuliza ninyi ni nani, na alfajiri ya tarehe 1 ikaletwa sufuria ya kitu wanakiita menudo. Nikachungulia. Supu ya utumbo! Ina pilipili nyekundu na mahindi makubwa, unakamulia ndimu. Shemeji aliuliza kwanza, ni ng'ombe tupu, basi akanywa mabakuli matatu na akaomba apelekwe jikoni aone inavyopikwa.

Alhamisi 1 Januari 2009: El Paso – Junction

Tumetoka saa nne. Hii sehemu isomeni: ukirudi mashariki, karibu na Sierra Blanca kuna kizuizi cha askari wa mpakani juu ya I-10, magari yote yanasimama, hata kama hujakanyaga Mexico. Beba pasipoti na grini kadi halisi, kopi hazitoshi. Foleni yetu dakika 40. Askari aliangalia za kwetu, akaziangalia skafu, akauliza mlikuwepo? Tukasema ndiyo. Akasema yeye alikuwa zamu, akauliza Butler kweli mara nne? Shemeji akamueleza zote nne kwa mikono mpaka gari la nyuma likapiga honi.

Baada ya hapo ni jangwa na usingizi kwa zamu mpaka Junction. Ozona tulisimama kumtafuta yule mfugaji, fundi akasema ameshatoka na ng'ombe, tukamuachia hapo boksi la pipi za pekani na skafu moja ya machungwa.

Ijumaa 2 Januari: Junction – Rosenberg – Houston

Sealy tuliiacha I-10 tukashika barabara ya 36 kwenda Rosenberg. Mzee alikuwa barazani, mguu juu ya stuli. Mechi alishaiona yote kwenye TV, hakutuuliza matokeo. Nikampa programu. Akavaa miwani, akafungua kurasa polepole mpaka orodha ya wachezaji, akashuka na kidole, namba 1, namba 8, akaviacha vidole viwili hapo hapo juu ya majina, akamwambia shemeji avute kiti amsimulie.